Sifuri Ambayo Hakuna Aliyeiandika

Shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, alianza kwa kufungua redio za watu bila ruhusa. Kuandika programu za kompyuta alijifunza mwenyewe baadaye, mtoto akiwa kifuani. Kwangu, kwenye mashine za kutotolesha vifaranga, wafanyakazi walimbandika jina Kwa-Nini, na wala halikumkera.

Programu inayoendesha hita zangu aliiandika yeye. Mwezi wa kwanza ilikwenda vizuri. Kisha umeme ukaanza kukatika, na kila uliporudi hita iliwaka kwa nguvu zote. Trei tatu za mayai ziliivia humo humo.

Siku hiyo mayai elfu mbili ya mteja yalikuwa njiani, yaingie saa sita. Muuza vifaa alikuwa keshafika na kidhibiti joto kipya, nami nimemshusha bei mpaka anakuna kichwa.

"Nipe saa moja, shemeji," Kwa-Nini akasema. "Nikishindwa, ing'oe programu yangu, sitanuna."

"Utanuna."

"Basi kidogo."

Nikampa. Muuzaji nikamwagizia chai.

Hita hakuigusa. Alizima mashine, akaiwasha, macho kwenye kioo cha kuonyesha joto. Joto: 0. Na humo ndani mkono haukai kwa joto!

"Hii sifuri kaiandika nani?"

"Si wewe?"

"Sijaandika kitu. Ndiyo ajabu yenyewe."

Akanieleza. Kwenye programu unatenga kisanduku, unakipa jina, tuseme joto, kisha kipimajoto kinakuja kukijaza. Yeye alikipanga kipime kila baada ya dakika kumi. Lugha ya kompyuta aliyoizoea, ukigusa kisanduku kisichojazwa, inagoma palepale. Hii mpya haigomi; inaweka sifuri yenyewe, kimya kimya. Basi mashine ikiamka inaamini kuna baridi ya barafu, inachoma dakika kumi nzima.

"Na lugha nyingine?" nikajikuta nauliza.

"Zipo zinazokuachia takataka za aliyekaa humo kabla yako."

"Kama wapangaji wangu."

"Usinichekeshe, saa inakwenda."

Akabadilisha mistari michache: kipimajoto kipime kwanza, hita ingoje. Akazima, akawasha. Kioo kikaandika: bado sijui. Hita kimya. Sekunde tatu, nne. 37.4. Hita ikawaka kidogo, ikazima. Nikamfanya arudie mara sita, muuzaji naye kasimama nyuma yetu na kikombe, shingo kainyoosha. Baada ya mara ya sita muuzaji alifunga begi lake.

Mayai yaliingia saa sita na robo. Nikamuuliza Kwa-Nini anataka nini. Akasema kosa lilikuwa lake, halilipwi, ila kuna ile mashine mbovu stoo.

"Chukua nusu," nikamwambia.

"Nusu ipi?"

"Isiyo na chuma." Chuma chakavu kina wateja.

Akakubali haraka mno, akaomba bisibisi ang'oe vipimajoto na vifaa vya umeme. Hapo nikajua nimepunjwa.