Gundi Aliyoikwangua Fredi

Siku ile tulikuwepo watano: mimi, mdogo wangu Fredi, kitinda mimba wetu Tuma, jirani yetu Mama Pendo, na baba mdogo aliyetoka Mbeya. Hadi leo nikinusa gundi ya nyuki iliyopata jua, harufu inayokaribiana na utomvu wa mipaini ya hapa Mafinga, nawaona wote uani.

Mama tulikuwa tumemzika kabla ya mvua, baba alishatangulia, nami nilikuwa nimeacha shule. Baba mdogo alikuja kuona kama tunaweza kuishi wenyewe. Akiona tumeshindwa, angemchukua Fredi kwake Soweto, mtaa wa huko Mbeya, na Tuma angempeleka kwa shangazi, Madibira. Basi tangu alfajiri nilideki, nikachota maji, nikapika, huku nafoka. Fredi alishika ufagio, nikamnyang'anya kwa sababu aliacha vumbi pembeni. Tuma aliosha vikombe, nikavirudia.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mzinga. Nyuki wake tulipewa na Mama Pendo wakati mama anaugua, kwa desturi ya kijijini kwetu: kundi lako likigawanyika, unamrudishia aliyekupa kundi moja. Asubuhi ile alikuja kuwaangalia, akanikuta nimenuna mbele ya mzinga, namtazama nyuki akiburuta mwenzake aliyekufa hadi mlangoni na kumtupa nje.

"Huyo zamu yake ni kuzika," alisema. "Wakizaliwa wanaanza kusafisha vyumba. Baadaye wanalisha watoto, wanajenga masega, wanalinda mlango. Kwenda kwenye maua ni kazi ya wakubwa. Hakuna anayefanya zote, dada."

"Wangu hawafanyi hata moja."

"Utajuaje, na ufagio umeukumbatia wewe?"

Nilikasirika, nikarudi kufagia. Fredi alikuwa amesikia. Akachukua kisu kimyakimya, akaenda kuukwangua mzinga ili nione kwamba naye anajua usafi. Alibandua gundi yote nyeusi kwenye nyufa akidhani ni uchafu, kumbe nyuki huziba nayo baridi, wadudu na maradhi. Alipogusa mfuniko, walinzi wakatoka.

Baba mdogo ndiyo kwanza anaingia uani, na koti lake la kanisani. "Kamwe..." alisema, salamu yetu ya kamwene haikuisha, nyuki wakamvamia usoni.

Mimi niliganda na ufagio wangu. Tuma ndiye aliyemvuta baba mdogo ndani na kufunga mlango. Fredi, machozi yakimtoka, alimtoa miiba kwa ukucha, mmoja mmoja. Mama Pendo alibaki nje akiwatuliza nyuki kwa moshi. Hakuna aliyetumwa. Tuma akaleta chai, kwenye kikombe ambacho safari hii sikupata nafasi ya kukirudia.

"Huyu amenitoa miiba bila kunitonesha," baba mdogo alisema, jicho moja limefumba. "Nikamfundishe nini Soweto? Kaeni. Ila ufagio, mama, uweke chini."

Aliondoka peke yake. Siku chache baadaye siafu waliingia kwenye zile nyufa, na nyuki wakahama wote.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba uchovu wangu mwingi niliujenga mwenyewe, kwa kuwanyima wadogo zangu kazi kisha kuwalaumu kwa uvivu. Sasa Fredi ni fundi seremala. Mzinga ameutengeneza upya, nyufa ameziziba kwa nta. Tuma anafagia kuuzunguka, vibaya vilevile, nami nauma meno nanyamaza.

Kila msimu tunasubiri nyuki wauingie, na kila msimu mzinga unabaki mtupu. Mama Pendo akipita njiani huuliza, "Nyuki wangu hawajambo?"

Namwambia bado.