Mpaka wa Mwisho Ashuke

Kaka yangu Marcelino alirudi kutoka vitani akiwa na mikono yote na miguu yote. Majirani wa Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, waliniambia, "Candida, mshukuru Mungu." Nilimshukuru kila asubuhi, mpaka nilipotambua kwamba kaka hali chakula.

Desturi iliyomfunga aliipata kwa Mswidi. Alipotoka Masasi alijifunza ufundi wa dizeli Chang'ombe, chini ya Bwana Nordin, ambaye ujanani alitumikia brigedi moja ya vifaru kusini mwa Uswidi. Mzee yule aliipenda brigedi yake kama sisi tunavyoipenda parokia. Aliwasimulia wanafunzi kwamba ilianza na farasi, enzi za wafalme wa kale, na kwamba bendera yake ina majina ya vita ambavyo hata babu wa babu yake hakuviona. Wapanda farasi wale walikuwa na sheria: hagusi mtu chakula mpaka wa mwisho ashuke. Farasi wakaondoka, vikaja vifaru, sheria ikabaki. Watu wa kifaru kimoja waliosha minyororo yake pamoja, wakaketi pamoja, wakala pamoja.

Marcelino alipoingia jeshini akawekwa kwenye usukani wa kifaru, aliwafundisha wenzake watatu sheria ile. Niliiona kwa macho yangu mwaka 1978, walipopita kwetu kuaga kabla ya kwenda Kagera. Nilipika wali na maharage. Mbaruku, mpiga mzinga, kijana wa Magomeni, alikuwa bado uani ananawa.

"Mbaruku, toka!" mkuu wao, Anaeli, akapiga kelele. "Unatufungisha Ramadhani sisi Wakristo!"

"Fungeni, mtapata thawabu!" akajibu Mbaruku.

Pius, wa nne wao, alikuwa ameshika tonge mkononi. Akalirudisha sahanini. Tulicheka sana siku ile.

Ng'ambo ya mpaka kifaru chao kilipigwa, kikawaka. Marcelino alitokea kwenye tundu la dereva. Watatu hawakushuka.

Alipoachishwa jeshi alipata kazi ya kutengeneza mashine za kusaga karibu na soko. Kazi aliifanya vizuri. Lakini nilipomwekea chakula alinawa, akafanya ishara ya msalaba, kisha akakaa akitazama mlango. Ugali ukapoa, ukakauka juu. Halafu akasema, "Wape watoto wa jirani." Aliishi kwa chai na vipande vya muhogo alivyokula akitembea.

Ilikuwa miaka ya foleni. Nilikuwa nasimama tangu alfajiri dukani kupata ule unga wa njano tulioubatiza Yanga, naye auache hivyo. Mama mwenye nyumba, Bi Tatu, hakuwa na subira. "Afande, unamngoja nani? Malaika? Malaika hawali Yanga!" Marcelino alitabasamu tu. Mifupa ya mashavu ilikuwa imetokeza. Tumbo lilianza kumuuma, akaanza kutapika damu.

Nilimpeleka kwa daktari, nikampeleka kwa padri. Padri alimwambia Mungu hataki mfungo wa namna hiyo. "Si mfungo, Padri," alisema. "Nawangoja tu."

Nikaona aliyeifunga sheria ile ndiye ataifungua. Nikamwandikia Bwana Nordin, aliyekwisha kurudi kwao, nikamwuliza: kwenye brigedi yenu, mtu asiposhuka kabisa, ni nani huwaambia wengine wale? Nilingoja miezi mitatu, nikisali rozari kwa ajili ya bahasha ya jibu lake. Ilifika wakati wa Kwaresima, kwa Kiswahili chake kile kile cha darasani.

"Mpendwa Candida. Nimewauliza wazee wa brigedi. Hakuna anayejua. Nchi yetu haijapigana vita kwa zaidi ya miaka mia na hamsini. Kwetu kila mtu alishuka. Nisamehe. Niliwafundisha kitu ambacho sikukijua mwisho wake."

Marcelino aliisoma mara mbili, akaikunja. "Basi hata wao hawajui," akasema. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Alifariki mwezi wa Juni, 1981, akiwa na miaka thelathini na moja.

Siku ya kuanua matanga chakula kilipakuliwa, nami nikashindwa. Nilikaa mbele ya sahani natazama mlango kama yeye. Akaingia mama mmoja mwenye kanga nyeusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi Sitara, mama yake Mbaruku. Nimesikia tangazo redioni." Akaketi mkekani karibu nami. "Mbona huli, mwanangu?"

Nikamweleza yote, hadi barua ya Uswidi. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Miaka miwili nilikuwa namngoja kaka yako aje anisimulie mwanangu alikufaje," alisema. "Nilisikia yuko Kariakoo. Nikasema, nisimsumbue, atakuja mwenyewe."

"Aliogopa uso wako, mama. Hata njia ya Magomeni hakupita."

"Na wewe?"

Nilijua kwamba Mbaruku ana mama, nilijua na mtaa wake. Nilituma barua Uswidi, na Magomeni ningefika kwa miguu.

Bi Sitara alinawa. Akamega tonge, akaliweka mkononi mwangu.

"Mbaruku ameshuka," alisema. "Wameshuka wote. Kula."

Nikala. Wali ulikuwa bado wa moto.