Mpaka Ndani ya Diski

Juzi, kwa fundi wa kompyuta hapa Kayanga, nilimkuta mzee wa baraza la ardhi la kata pamoja na mkewe. Walitaka kompyuta ya nyumbani iwekwe Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na fundi akauliza diski ya kuhifadhia mafaili aigawe vipi.

"Linux ipewe giga hamsini, zinazobaki ziwe zangu," mzee alisema, akichora mstari mezani kwa kidole.

"Na sauti za marehemu mama?" mkewe aliuliza taratibu. Alikuwa amerekodi hadithi za mama yake kwa Kinyambo, lugha ya kwao, saa nyingi.

"Utapewa kumi. Tutakuongezea baadaye."

Fundi alikohoa kidogo. "Samahani, mzee. Kuongeza baadaye ni kusogeza mpaka, na ukisogezwa vibaya, vitu vinapotea. Afadhali mgawane leo."

Mzee akasema, "Haya, zinazobaki gawa nusu kwa nusu."

Mke alimtazama fundi, si mumewe. "Sehemu yangu iandike jina langu."

Wajane wa kata nzima humsifu mzee huyu kwa kuwatetea wasinyang'anywe mashamba ya migomba. Mkewe ilibidi amsubiri fundi wa kompyuta amtetee.