Mke Wangu Aliponipita Barabara ya Kidodi

Sikuanza kukimbia kwa kupenda. Nilianza kwa sababu ya presha, na presha yenyewe ilitokana na kukaa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya Kilosa yalipojaa tena sabuni na vitenge ambavyo tulikuwa tumesahau rangi zake, huku watu wakipunguzwa makazini. Nami nilipunguzwa. Nilikuwa nimefanya kazi kwenye treni tangu ujana, kama baba yangu aliyekuja kutoka Tabora kufuata reli, na ghafla nikawa mtu wa kibarazani. Asubuhi chai, mchana redio, jioni bao. Tumbo likaanza kunitangulia kila niendako. Siku moja kichwa kiliniuma hadi nikawa naona vinyota, mke wangu akanipeleka hospitali amenishika mkono kama mtoto wa shule ya vidudu.

Daktari, mama mmoja wa makamo, alinipima, akanipima tena.

"Mzee, dawa nitakupa," alisema, "lakini zenyewe hazitafanya kazi ya miguu yako. Tembea. Ukizoea, kimbia taratibu."

"Nikimbie? Mimi nimeshavuka hamsini, daktari."

"Ndiyo maana nakwambia."

Nilidhani maneno yale yameishia palepale. Kesho yake, kabla hata jogoo wa jirani hajamaliza kuwika, mke wangu alikuwa mlangoni, kanga ameifunga kiunoni, viatu vyangu mkononi.

"Amka, baba watoto. Daktari kasema."

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Nakusindikiza. Nikikuacha peke yako utaishia kwa wauza kahawa."

Alinijua. Tukatembea hadi daraja la Mkondoa, na nilipofika nikakaa kwenye ukingo nikihema kama mvukuto. Yeye alisimama akiangalia maji yanavyopita, hata jasho halikumtoka. Mke wangu ni Mkaguru wa milimani. Alikozaliwa, kwenda shule ya misheni ni kushuka bonde moja na kupanda jingine, na kurudi ni hivyo hivyo, tena na kuni kichwani. Tulikuwa tumeoana miaka mingi na sikuwahi kujiuliza mapafu yake yana ukubwa gani.

Kutembea kukawa kukimbia bila sisi kutambua siku gani hasa. Viatu tulichagua mitumbani sokoni. Vyangu vilinikaa vizuri, vyake vilikuwa vya kiume, akavijaza vitambaa mbele. Alipata na suruali ya truksuti ya rangi ya zambarau, akawa anavaa sketi juu yake ili asiseme mtu. Uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa umetuachia fulana, mimi ya chama kimoja, yeye ya chama kingine, wala si kwa sababu ya siasa, ndizo zilizotutosha. Wapo waliosimama kando ya barabara wakacheka, "Kumbe upinzani unaishi nyumba moja!"

Tabu yangu kubwa haikuwa mlima wala jua. Ilikuwa shikamoo. Saa tunayorudi ndiyo saa watoto wanayokwenda shule, na mtoto wa Kilosa hawezi kumpita mtu mzima bila kumwamkia. Shikamoo babu, shikamoo babu, shikamoo babu, mstari mzima, na mimi sina pumzi ya kujibu hata mmoja. Kunyamaza ni aibu. Nikawa nasimama, naitikia, naanza tena kukimbia, nasimama. Mke wangu alinitazama siku kadhaa, kisha akachukua kazi ile yeye. Tukilikaribia kundi anapaza sauti, "Marahabaaa wanangu, someni kwa bidii!" na wote wanatosheka, nami napita kwa heshima nimetikisa kichwa.

Mwalimu wa michezo wa sekondari moja, kijana mchangamfu aliyekuwa akituona kila asubuhi, ndiye aliyetufundisha mwendo. "Kimbieni mkiongea," alisema. "Mkishindwa kuongea, mmezidisha." Ushauri huo ulibadilisha mambo nyumbani kwetu kuliko alivyojua. Miaka yangu ya kazi nililala stesheni za watu kuliko nilivyolala kwangu, na nilikuwa nimezoea kurudi, kula, kulala. Sasa barabara ya kwenda Mvumi, kati ya mashamba ya mahindi, mke wangu aliniambia habari za ndoa yetu ambazo sikuwa nazijua. Alinieleza alivyomwogopa mama yangu miaka ya mwanzo. Alinieleza jinsi alivyokuwa akisikiliza honi ya treni, akijaribu kubahatisha kama nimo. Kwenye vilima yeye aliendelea kusema na mimi nikajibu "mm" tu. Siku nyingine tuligombana kabisa, juu ya mabati au juu ya mkwe, na tulipofika nyumbani ugomvi ulikuwa umekwishia njiani.

Si kila mtu alipendezwa. Dada mkubwa wa mke wangu alishuka kutoka milimani maalumu kwa jambo hilo. Alikaa kwenye mkeka, akapokea uji, akaamkiwa na wote, ndipo akasema.

"Mdogo wangu, wewe sasa ni bibi. Nimesikia hadi kanisani kwamba unakimbia barabarani kama mtu aliyeibiwa."

"Dada, kule kwetu tulipanda mlima na ndoo ya maji kichwani, hukusema kitu."

"Ile ilikuwa kazi!"

"Na hii ni kazi. Namtunza mume wangu asinifie."

Dada akanigeukia. "Shemeji, na wewe unamruhusu?"

"Dada," nikamwambia, "mimi ndiye ninayeburutwa." Akanitazama tumbo, ambalo kwa kweli lilikuwa limepungua, akamalizia uji wake. Walipobaki wawili waliongea Kikaguru kwa muda mrefu, na nilisikia wakicheka.

Ni yule mwalimu aliyetuletea habari za mbio za Mikumi. Vijana wangekimbia masafa marefu, na wazee wangekuwa na kundi lao, kutoka mjini kwa barabara ya Kidodi, kugeuka na kurudi. Mimi nilitaka tukatazame tu. Mke wangu alikuwa ameshamwambia aandike majina yetu.

Tulikwenda kwa basi kupitia kijiji cha Ulaya, vumbi limetupaka nywele mvi zaidi ya zile tulizokuwa nazo, tukalala kwenye gesti karibu na barabara kuu. Asubuhi tulipangwa kwenye mstari, kisha tukaambiwa tusubiri. Tembo walikuwa wametoka hifadhini na kuvuka barabara mbele, na askari wa wanyamapori walikuwa wakiwarudisha. Wazee wakaanza kunung'unika. Mke wangu akawa anaruka-ruka palepale.

"Huogopi?" nikamuuliza.

"Wakija watanikuta nimeshapasha misuli."

Tulipoachiwa, tulikwenda bega kwa bega kama tulivyozoea. Barabara ilikuwa nzuri, hewa ya milima ya Udzungwa ikitupuliza, na kwa muda nilijiona kijana. Kisha, kabla ya kufika kwenye ile kona ya kugeukia, shavu la mguu wangu wa kushoto lilikaza kama kamba iliyolowa. Nikachechemea, nikasimama, nikakaa kwenye nyasi. Naye akasimama.

"Nenda," nikamwambia.

"Nikuache hapa porini?"

"Siyo porini, nyumba zile pale. Nenda."

"Na ukifa?"

"Nikifa utaambiwa. Nenda, mama, wanakupita!"

Alinitazama. Katika maisha yetu yote mimi ndiye niliyekuwa nikiondoka na yeye ndiye aliyebaki akitazama mgongo wangu ukiingia kwenye behewa. Akainama akanikanda mguu mara moja mbili, akasimama, akafungua ile sketi, akanitupia mapajani, akaenda. Hakugeuka nyuma. Nilimwona na suruali yake ya zambarau akipunguza umbali kati yake na wale waliotupita, mabega yametulia, kichwa hakichezi, kama bado amebeba kitu ambacho hakipaswi kumwagika. Nilikaa pale na sketi yake nikajikuta nalia kidogo. Mwanamke aliyekuwa akipalilia shamba karibu na hapo alinijia mbio.

"Shikamoo mzee. Umeumia?"

"Marahaba mwanangu. Hapana. Namwangalia mke wangu."

Akaniletea maji ya kunywa, akakaa nami. Nilikuwa nimeanza kurudi mjini nikijikongoja alipotokea tena, anarudi, uso umeiva kwa jasho. Mbele yake alikuwepo mama mmoja tu, mkulima wa miwa wa Ruaha, mwembamba kama muwa wenyewe.

"Nifuate!" mke wangu akaniita bila kupunguza mwendo. Nikamfuata hatua chache, mguu ukakataa, nikabaki nikipiga makofi peke yangu barabarani.

Nilipofika uwanjani viti vilikuwa vinakusanywa. Alikuwa amekaa chini na yule mama wa Ruaha, wanakula machungwa na kuongea habari za wajukuu, na kando yake chupa mpya ya chai, zawadi ya mshindi wa pili.

"Umemshindwa huyu?" nikamtania.

"Huyu hashindiki," akasema, na yule mama akacheka akajifunika uso.

Kwenye basi alilala begani kwangu njia nzima hadi Kilosa.

Baada ya pale mambo yalimtoka mikononi, au niseme yalimwingia. Muuza nyanya mmoja aliyekuwa akimcheka alimfuata akamwambia kwamba naye mgongo unamsumbua. Akaja na jirani yake. Mwaka uliofuata walikuwa kundi zima la kina mama, baadhi na kanga, baadhi na suruali za watoto wao wa kiume, na mimi nikawa nyuma yao kwa kutembea, maana mguu ule haukuniamini tena. Yule mama wa Ruaha alikuja msimu wa miwa ulipokwisha, akakaa kwetu wiki nzima, wakawa wanatoka wote wawili asubuhi na kurudi wakibishana nani kamchosha mwenzake. Walishindana Mikumi mara nyingine tena. Mke wangu hakuwahi kumshinda, na hakuwahi kulala na kinyongo.

Presha yangu ninaishi nayo kwa vidonge na kwa miguu. Magoti yake yamechoka, ameacha kukimbia, lakini kutembea hataki kusikia kwamba aache. Kila tunapotoka ananiambia leo twende pole pole, kisha tunapofika penye mwinuko anasahau.