Chupa Fupi ya Tonton Anselme

Nakumbuka, mwanangu, Jumamosi ile nyumba yetu ya mtaa wa Bellevue ilipojaa wageni hadi tukaazima viti vya saluni ya jirani. Fiston, aliyetaka kunioa, na wajomba zake walikuja kujitambulisha. Baba alishafariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la kaka yake, Tonton Anselme. Akikataa, kreti za bia na Fanta zinarudi kwao, mtaa wa La Rochelle, na mimi nabaki na kitenge changu kipya.

Na Tonton hakuwa amemkubali. Fiston alikuwa mlinzi wa geti, mkimya mno. "Mtu asiyesema, nitamjuaje?" aliniuliza asubuhi ile. Sikulala vizuri wiki nzima, usione nacheka sasa.

Tonton hakugusa bia. Alitoa chupa moja fupi, nene, ya divai ya manjano. Mfaransa mwenye mgahawa aliofanyia kazi zamani ndiye aliyempa. Akatumiminia kidogo kidogo.

Kaka yangu Patou alitangulia. "Eish! Tonton, hii imeshaoza!" Akaitema kwenye chungu cha maua. Kweli, ilinuka karanga za kukaanga na bizari, na ukali wake ulishika taya.

Mjomba mkubwa wa Fiston akanywa, uso ukajikunja wote. "Tamu sana, mzee! Tamu kama asali!"

Sisi wanawake tukaziba vicheko kwa vitambaa. Kicheko changu kilikatika zamu ya Fiston ilipofika. Akanywa. Akaitazama glasi. Moyoni namwambia, sema kitu, wee!

"Tonton, samahani," akasema. "Sijaipenda. Lakini ladha yake bado inanifuata mdomoni. Naomba kidogo tena, nijaribu kuielewa."

Tonton akaweka glasi chini. "Huko kwao, kwenye milima ya mashariki ya Ufaransa, wanaiacha ndani ya pipa zaidi ya miaka sita. Inapungua, hawaijazi. Juu inaota utando mweupe. Mgeni angesema ni ukungu, aimwage. Kumbe utando huo ndio unaoilinda."

Akamgeukia Patou. "Wewe umetema kabla hujaonja." Kisha mjomba. "Na wewe, mkwe, hiyo asali umeiona wapi?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko, mjomba mwenyewe akiongoza.

Tonton akammiminia Fiston tena, safari hii glasi ikajaa. "Huyu nimeshamjua. Haya, leteni hiyo bia yenu!"

Basi, mwanangu, usimteme mtu kwa sababu ya ladha ya kwanza. Usimsifu kwa uongo pia, maana atakujua tu. Mwambie kweli kwa adabu, halafu kaa naye kidogo tena. Mimi wangu bado ni mkimya, na bado namwelewa polepole.

Mungu akujalie mtu atakayetaka kukuelewa, akupe na subira ya kumngoja. Na viti vyako visitoshe kwa wingi wa wageni, hata wale wa asali.