Saini Kumi na Tano za Chumba cha Kufulia

Wanawake kumi na sita walifanya kazi katika chumba cha kufulia nguo za hospitali, na kumi na watano kati yao walishinda na mikono iliyolowa. Wa kumi na sita alisimama kwenye meza ya pasi, karibu na dirisha, na wote walimwita Mama Pasi. Daftari la mahudhurio lilipoletwa asubuhi, yeye ndiye aliyesaini kwa niaba ya wote. Zamani kila mtu alijisainia mwenyewe, kurasa zikalowa na kuchanika, bosi wa zamu akafoka. Basi wakakubaliana kwamba mwenye mikono mikavu aandike. Miaka kumi na mmoja ikapita hivyo. Mama Pasi aliijua saini ya kila mwenzake kama alivyojua kola ngumu na kola laini.

Maji machafu ya chumba hicho yalipita kwenye mtaro usiofunikwa, mbele ya milango ya mtaa waliokaa. Mama mkwe wake aliteleza humo akavunjika nyonga. Mama Pasi alikwenda kwenye kikao cha baraza la mji, akaketi kwenye mabenchi ya wananchi, akanyoosha mkono.

"Unamwakilisha nani?" mwenyekiti alimuuliza.

"Mtaa wangu."

"Mtaa wako una diwani. Keti, mama."

Diwani alikuwa safu ya mbele, anasoma simu. Hakugeuka hata kutazama ni nani aliyeketishwa. Wiki iliyofuata Mama Pasi alichukua fomu ya kugombea kiti cha diwani huyo.

Fomu ilitaka wadhamini kumi na watano, wapiga kura wa kata hiyo, ambao hawajamdhamini mtu mwingine. Hapo ndipo palipokuwa na shida, kwa sababu watu wa diwani walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba mchana, na kila waliyemkuta alikuwa amesaini. Waliosalimika ni wale waliokuwa kazini: wenzake wa kufulia, kumi na watano, bila hata mmoja wa akiba. Wakamtajia namba za kadi zao kwa sauti juu ya ngurumo za mashine. Akaandika majina, akaandika namba, na mkono ulipofika kwenye safu ya saini haukusita. Ulifanya ulichozoea.

Siku ya mwisho ya kurudisha fomu aliomba ruhusa ya asubuhi, akafika ofisi ya uchaguzi saa nne. Ofisa alikuwa mzee mwenye miwani mbili, moja machoni, moja kichwani. Alipitisha kidole kwenye safu ya saini, akarudi juu, akashuka tena.

"Mama, hizi zote umesaini wewe?"

"Ndiyo. Wao mikono yao ina maji."

Ofisa alimtazama kwa muda, kama mtu anayetafuta utani ulipojificha. Kisha akaisukuma fomu kurudi upande wake.

"Mimi hii sijaiona. Nikiiona, ni kesi. Chukua nyingine hii. Kila mtu kwa mkono wake. Saa kumi kamili nafunga kitabu, na aliye mlangoni atabaki mlangoni."

Kutoka hapo hadi hospitali ni nusu saa kwa miguu. Alitembea akihesabu majina, na kila alipohesabu yalikuwa kumi na matano yale yale.

Bosi wa zamu hakutaka kusikia. "Mapumziko ni saa nane. Mashine haigombei udiwani."

Akasimama kwenye meza yake, akapiga pasi mashuka kwa saa tatu na zaidi, fomu ikiwa kifuani ndani ya mfuko wa plastiki. Aliunguza foronya moja. Hakuwahi kuunguza kitu tangu aajiriwe.

Saa nane wakajipanga mbele ya mashine ya kukaushia, wakaipa mikono joto, wakasaini mmoja mmoja.

"Yangu umekuwa ukiiandika vizuri kuliko mimi," alisema mmoja.

"Shoga, ukishinda utusainie na mshahara," mwingine akadakia, wakacheka.

Kufikia saa nane na nusu zilikuwa saini kumi na nne. Aliyebaki ni Bi Mikunjo, mkunjaji wa mashuka mabichi yanayosubiri pasi, mkubwa wao wote kwa umri. Alikuwa ameketi na chakula chake, hajasogea.

"Bi Mkubwa, bado wewe tu," Mama Pasi alisema, akimnyooshea kalamu.

"Nimeona."

"Muda unakwisha."

"Mwaka juzi pia muda ulikuwa unakwisha." Bi Mikunjo alifunika bakuli lake taratibu. "Bosi alileta karatasi, eti tunakubali zamu za Jumapili. Ukasaini majina yote. Mimi nilikuwa nyuma, nakunja. Uliniuliza?"

Mama Pasi alikumbuka karatasi ile. Siku hiyo bosi alikuwa amesimama mlangoni akitazama saa yake.

"Sikukuuliza," alisema. "Niliona wengi wanakubali. Nikawa na haraka."

"Jumapili ndiyo siku pekee dada yangu mgonjwa alikuwa na mtu wa kumwogesha. Amekufa nikiwa hapa, nakunja mashuka ya watu." Hakupandisha sauti. "Ukiingia huko barazani, hutakuwa na haraka?"

Majibu ya mkutanoni yalimjia Mama Pasi, yale ya nitawatumikia na nitawasikiliza, akayaona yote ni mepesi.

"Naweza kuwa na haraka tena," alisema mwishowe. "Mkono wangu umezoea vibaya. Nisamehe, Bi Mkubwa. Na usiponisainia, sitakulaumu."

Akaweka fomu na kalamu mezani, akarudi nyuma hatua mbili. Wenzake walimkazia Bi Mikunjo macho. Mmoja akaanza, "Jamani, bibi, si uandike tu," lakini Mama Pasi akamkatiza.

"Mwache."

Kengele ya kumaliza mapumziko ikalia. Mashine zikaanza kunguruma. Bi Mikunjo akainuka, akachukua shuka, akalikunja. Akachukua la pili. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika tano. Akakunja la tatu, akalisawazisha kwa kiganja.

"Soma," alisema.

"Nini?"

"Hayo maneno ya juu. Wote mmesaini, nani ameyasoma?"

Mama Pasi akaisoma fomu kwa sauti ya kushindana na mashine: kwamba mimi niliyetia saini hapa, kwa hiari yangu, namdhamini mtu huyu awe mgombea. Alipofika kwenye "kwa hiari yangu," Bi Mikunjo alimtaka arudie. Akarudia.

Basi Bi Mikunjo akafuta mikono kwa aproni, akaandika jina lake herufi kwa herufi, kalamu ikikwaruza. Ilikuwa saa tisa na robo.

"Bosi," aliita kuelekea mlangoni, "naumwa tumbo. Naondoka na huyu."

"Wote wawili?"

"Tumbo langu halijui njia peke yake."

Bosi akatazama saa yake, akatazama kundi la wanawake waliomgeukia, akaupisha mlango.

Walitembea, Mama Pasi akipunguza hatua kwa ajili ya magoti ya mwenzake. Ofisa alikuwa amekwisha kushika kalamu ya kufungia kitabu. Alihesabu saini kwa ncha ya kidole, akasimama kwenye ya mwisho.

"Na huyu je, mkono wake ulikuwa mkavu?"

"Muulize mwenyewe," alisema Bi Mikunjo. "Nipo hapa."

Ofisa akagonga mhuri saa kumi kasoro dakika sita. Nje, kwenye ngazi, Bi Mikunjo alimshika mkono kwa ajili ya kushuka tu.

"Nimekudhamini ugombee," alisema. "Kura yangu bado ninayo."

"Najua, Bi Mkubwa."

"Basi anza kuniomba."