Lundo la magugu pale Kamanga

Leo nimemfukuza mama yangu mzazi ziwani, mbele ya watu wa ofisini.

Tulivuka na feri kwenda Kamanga kujitolea kung'oa magugu maji. Fulana mpya, glavu mpya, mpaka mpiga picha.

Tunafika, mama ameshang'oa lundo zima peke yake, kama kila asubuhi, apate pa kuchotea maji.

Bosi akaninong'oneza, "Mwambie yule mama asogee, anatuharibia picha."

Hajui kwetu ni hapo. Na mimi sikusema.

"Shikamoo mama. Naomba usogee kidogo."

"Marahaba, bosi." Akabeba ndoo yake, akaondoka.

Sasa nyie mnaoandika hongera kwenye picha ya ofisi, lile lundo ni la mama. Mpigieni yeye mumpongeze. Simu zangu hapokei.